C-HR haibridi kwa familia ya watoto watatu?

Dada, hiyo Toyota C-HR haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) ya 2017 unayoulizia inafaa Kampala kuliko safari zenu za Krismasi kijijini Kabale. Kwenye foleni ya Jinja Road injini huzima, mota ya umeme inasukuma gari polepole, petroli inabaki. Ila madirisha ya nyuma ni madogo, watoto watatu watabanana gizani (beba mifuko ya kutapikia), na buti halitoshi. Magurudumu ya mbele pekee ndiyo yanayovuta, tumbo liko chini, na matope ya huko unayajua. Betri ya hiyo mota iko chini ya kiti cha nyuma. Vumbi likiziba njia ya hewa, inachemka na kuchoka mapema. Fundi aipime kwa mashine kabla hujalipa. Mimi ningetafuta Toyota RAV4 haibridi ya fowili (magurudumu yote manne yanavuta), hata iliyotembea zaidi.