Re: PID ya tangi la maji moto inapitiliza nyuzi 15

Ndugu, PID yako (kidhibiti kinachopanga nguvu ya hita kwa kufuata kosa, yaani tofauti ya joto uliloweka na lililopo) ikipitiliza, usikimbilie kupunguza Kp (ukali wa jibu lake kwa kosa la sasa). Hita ikishafika asilimia 100, sehemu ya I (inayojumlisha kosa kadiri muda unavyopita) huendelea kulimbikiza kosa. Maji yakifika nyuzi 60 ulizoweka, limbikizo hilo bado linasukuma. Kwenye kodi, simamisha ujumlishaji huo pato (asilimia inayotumwa kwa hita) linapogota 0 au 100.

Kisha zima PID, pandisha hita kutoka asilimia 30 hadi 40, rekodi kila sekunde. Tuseme joto limetoka 50 likatulia 62: K (nyuzi kwa kila asilimia moja ya hita) ni 1.2. Kimya cha mwanzo kabla joto halijaanza kupanda, sekunde 20, ndiyo L; kutoka hapo hadi 57.6 (asilimia 63 ya mpando), sekunde 240, ndiyo tau. Kanuni za Skogestad (za kukokotoa mipangilio ya PID kutokana na K, L na tau) zinakupa Kp 5, Ti (muda wa sehemu ya I) sekunde 160. D (sehemu inayofuata kasi ya mabadiliko) iache sifuri: kelele za kihisi zitaitikisa hita bure.