Niambie Ni Ukurasa Gani

Muswada wangu wa kwanza ulirudi kutoka kwa mhariri na kikaratasi chenye mistari miwili: hadithi haina uhai, mwandishi ajaribu tena siku za mbele. Nilikuwa nimeuandika mwaka mmoja na nusu, usiku usiku, baada ya kutoka kazini. Nikaufungia kwenye sanduku la nguo, na kwa miezi minane sikuandika chochote zaidi ya meseji za kuomba salio.

Kukataliwa kwenyewe nilikuwa nimekutarajia. Kilichonimaliza ni lile neno "uhai". Uhai unakosekana wapi? Mwanzoni? Kwenye mazungumzo? Kwa yule mhusika mkuu niliyempenda kama ndugu yangu? Kwa kuwa sikuonyeshwa mahali, neno lile likaenea muswada mzima, likavuka, likanifikia mimi mwenyewe. Nikaanza kuamini kwamba asiye na uhai ni mimi.

Aliyenitoa huko ni shangazi yangu, ambaye kitabu anachokifungua kila siku ni daftari la madeni. Anauza chakula stendi. Jumapili moja umeme umekatika, hatuna la kufanya, akaniambia, "Hebu nisomee hicho unachokificha." Nikamsomea sura ya pili. Humo kuna mama ntilie anaamka saa kumi na moja alfajiri, anawasha jiko la mkaa, anabandika maharage makavu, na saa kumi na mbili makondakta wanakula.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, maharage gani hayo? Maharage yanachemshwa jana yake. Asubuhi unaunga tu." Alipotulia akaongeza, "Na huyo mama mbona hadaiwi wala hadai? Anauzia malaika?"

Niliona aibu, lakini aibu ya namna nyingine kabisa. Usiku ule ule nilitoa muswada sandukuni nikaandika upya kurasa tatu. Mama ntilie wangu akapata sufuria la maharage ya jana, akapata kondakta anayemkimbia kwa sababu ya deni la wiki mbili, na deni lile likazaa ugomvi ambao sikuwa nimeupanga. Leo nadhani shangazi na yule mhariri waliona kitu kile kile. Mhariri alikiita ukosefu wa uhai. Shangazi akakiita maharage. Mimi nilihitaji kuambiwa maharage.

Tangu hapo, lawama ikija nauliza swali moja: wapi? Nina simulizi ninayoitoa sehemu kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp, na huko watu hawana simile. Msomaji mmoja aliandika mbele ya wote, "Mwandishi umeishiwa." Zamani ningejibu kwa hasira, au ningezima simu. Safari hii niliacha siku mbili zipite, kisha nikamfuata pembeni: samahani kaka, ulianza kuchoka sehemu ya ngapi? Akajibu palepale: ya 14, pale dada alipokwenda kwa mganga. "Kila simulizi lazima mganga?" Nilirudi kuisoma. Mganga yule nilimleta kwa sababu nilikwama, na jamaa alikuwa amenikamata. Wengi nikiwauliza hawajibu chochote. Hao nawaacha na jioni yao.

Sifa nazo nazipima vivyo hivyo, na hili watu hawapendi kulisikia. "Umetisha mwandishi!" haina tofauti kubwa na "uchafu mtupu". Zote mbili hazionyeshi mahali. Ukijizoesha kuishi kwa ile ya kwanza, siku ikija ya pili itakuangusha, maana ulishajenga juu ya upepo.

Ila ipo lawama inayoonyesha mahali, tena kwa usahihi, na bado hutakiwi kuifuata. Mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi, Kichomi, mwaka 1974, wanamapokeo, yaani wale wanaoshikilia kanuni za ushairi wa zamani, walisema mashairi yasiyofuata vina na mizani si mashairi. Macho yao yalikuwa sahihi: vina na mizani alikuwa ameviacha. Lakini aliviacha makusudi. Akaendelea na njia yake katika Karibu Ndani, 1988, na tena katika Dhifa, 2008. Kwa hiyo nikishaonyeshwa mahali, bado najiuliza: hiki nilikikusudia? Maharage sikuyakusudia, ulikuwa ujinga wangu tu. Lakini mzee mmoja aliponilaumu kwamba wahusika wangu wanazungumza Kiswahili cha stendi badala ya kile sanifu, nilimshukuru, nikakiacha kama kilivyo. Nimekaa stendi. Naijua lugha yake.

Lawama ngumu kuliko zote ni ile inayotoka ndani, saa nane za usiku, wakati feni inalia na kila ulichoandika kinanuka. Kujibishana nayo kwamba una kipaji ni kupoteza usingizi. Nami naiuliza ukurasa. Nainuka, nachukua ukurasa wowote, nausoma kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Mara nyingi ulimi unajikwaa mahali fulani: sentensi ndefu mno, mhusika anayehutubia kama mwalimu wa zamu. Naweka alama kwa penseli, narudi kulala. Nikikosa pa kujikwaa, basi najua ni uchovu tu.

Jambo dogo la mwisho kwa anayeanza: usimwonyeshe mtu rasimu ambayo haijafika mwisho. Niliwahi kumpa rafiki kurasa 20 za riwaya changa, akatoa maoni mazuri kabisa, na riwaya ikafia palepale. Alinionyesha mahali, ila pakawa panaonyeshwa kabla nyumba haijapauliwa.

Juzi nimemtumia shangazi sura ile ya pili, nimeirekodi kwa sauti kwa sababu maandishi ya simu yanamsumbua macho. Imeshaandikwa mara ya sita. Jibu lake lilikuja usiku baada ya kufunga biashara: "Sasa maharage yameiva. Lakini chumvi umetia mapema."

Nimefungua tena faili.