Hamira na utamu wa luo han guo: ushauri kwa mnaoanza maabara

Wadogo zangu, wengi wenu mnaingia kwenye kazi hii na hamu ya kuongeza utamu. Nawaomba mjifunze kwanza kuusimamisha mmenyuko, yaani lile badiliko la kikemia linalokata glukosi. Hapo ndipo kazi ilipo.

Luo han guo ni tunda la kusini mwa China, hasa Guangxi, jamii moja na maboga na matikiti. Utamu wake mkali unatokana na mogrosaidi, yaani molekuli zenye kiini kilichobebeshwa glukosi kadhaa. Tunda likiwa changa ni chungu, maana mogrosaidi zake zina glukosi mbili tu. Linavyokomaa huzidi kuongezewa, hadi ikatawala mogrosaidi V yenye glukosi tano: mbili upande mmoja wa kiini, tatu upande wa pili. Basi mtu hudhani glukosi zikizidi na utamu huzidi. Sivyo. Ondoa moja tu kwenye ule upande wa mbili, unapata siamenosaidi I, tamu mara 500 na zaidi kuliko sukari ya mezani, kuishinda mogrosaidi V yenyewe. Ndani ya tunda imo kidogo mno, ndiyo maana tunaitengeneza kutoka mogrosaidi V kwa vimeng'enya, protini zinazoharakisha mmenyuko.

Kimeng'enya chenyewe hamira inacho tayari: eksoglukanasi, ambayo kazi yake ya kila siku ni kwenye glukani, minyororo ya glukosi iliyomo kwenye ukuta wa seli. Ila ile ya hamira ya mandazi, Saccharomyces cerevisiae, haikomei kwenye glukosi ya kwanza. Hukata kiungo cha beta-1,6 (aina mojawapo ya kiungo kati ya glukosi mbili) upande wa glukosi mbili, ikahamia cha upande wa tatu, mkabaki na mogrosaidi IIIE yenye glukosi tatu na utamu hafifu. Ya Dekkera bruxellensis, hamira inayojulikana sana kwenye bia za Ubelgiji, huchagua vizuri zaidi. Mimi ningeanza na hiyo.

Kwa hiyo msiwashe mmenyuko mkaenda zenu hadi jioni. Chukueni sampuli mara kwa mara na mzichemshe papo hapo. Kuziweka kwenye barafu hupunguza tu mwendo, kimeng'enya bado kinafanya kazi. Kisha pelekeni kwenye kromatografia, njia ya kutenganisha molekuli moja moja. Kipimo cha glukosi ni rahisi na cha haraka, lakini kina mtego: huonyesha viungo vingapi vimekatwa, si viungo vipi. Wastani wa glukosi moja iliyokatwa kwa kila molekuli huenda ni siamenosaidi I tupu, au ni nusu mogrosaidi V ambayo haijaguswa na nusu IIIE. Namba ileile, vitu viwili tofauti kabisa.

Mkiitumia hamira kuunda mogrosaidi ndani ya seli, futeni mapema jeni ya EXG1, inayotengeneza ile eksoglukanasi, la sivyo seli itabomoa inachokijenga.

Na msionje chochote maabara, hata tone. Sampuli ya kuonjwa huandaliwa upya, kwa vyombo vya chakula na maji ya kunywa, mahali ambapo methanoli na asetonitrili, vimiminika vya sumu vya kromatografia, havijawahi kufika.