Muulize Bi Viungo: Mto wa umeme, barafu, na mtoto wa nasari

*Bi Viungo alifanya kazi ya fiziotherapia hospitalini hapa Mombasa hadi kustaafu. Mwezi huu barua nyingi zilikuwa za joto na baridi, kwa hivyo amezijibu pamoja.*

Shikamoo Bi Viungo. Mamangu ana miaka sabini na anaugua sukari. Usiku hulalamika kuwa miguu yamfa ganzi na yaingia baridi, basi kakangu aliyeko Marekani akamletea mto wa umeme wa kupasha joto. Juzi asubuhi tulimkuta na lengelenge la upana wa vidole viwili chini ya wayo, na usiku kucha hakuhisi kitu. Mto ulikuwa namba ya kati, si ya juu. Tumempaka dawa ya meno. Je, mto ni mbovu? Na tukiuacha miguu, twaweza kuutumia kwa mgongo?
*Binti yake, Kibokoni*

Marahaba mwanangu. Kabla ya mto, mguu. Mpeleke kliniki leo, usingoje kesho. Lengelenge la mtu wa sukari, tena chini ya wayo, halitibiwi nyumbani, kwa sababu linaweza kuchimba bila maumivu mpaka likafika mfupani. Usilitoboe. Hiyo dawa ya meno ioshe taratibu kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, na asiukanyagie mguu huo. Huduma ya kwanza ya kuungua ni maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, lakini hayo hufaa katika saa tatu za mwanzo, nanyi zimeshawapita.

Sasa mto. Ugeuze usome kibandiko chake. Kama ulinunuliwa Marekani, huenda umeandikwa volti 120. Stima yetu ni volti 240. Kile kiunganishi mlichochomekea ukutani hubadilisha umbo la meno ya plagi tu, volti hakizigusi. Na waya wa kupasha joto ukipewa volti maradufu, nguvu inayopita humo huwa mara nne, si mara mbili. Kwa hivyo namba ya kati ya kule si namba ya kati ya Kibokoni. Msiuchomeke tena.

Lakini hata ungekuwa wa volti zetu na mzima kabisa, nisingeuweka kwenye miguu ya mamako. Watu hudhani kuungua ni mambo ya moto mkali peke yake, na kumbe muda nao umo. Mwaka 1947 watafiti wawili wa Marekani, Moritz na Henriques, walilipima jambo hili. Ngozi ikifika nyuzi 60 za Selsiasi huungua kwa sekunde chache. Ikikaa kwenye nyuzi 44, joto ambalo mimi na wewe tungeliona la kupendeza, huungua vilevile, ila huchukua kama saa sita. Saa sita ni usingizi wa usiku mmoja. Mwenye neva nzima angeamka, au angeusukuma mto kwa mguu usingizini. Za mamako zimeharibiwa na sukari, na hazikumwamsha.

Jambo jingine. Shika miguu yake anapolalamika baridi. Mara nyingi utaikuta ina joto kama yako, kwa kuwa neva ndizo zinazotoa habari za uongo, na mto hauwezi kuzitibu. Mvishe soksi za pamba zisizobana, na daktari wake wa sukari aambiwe habari ya ganzi. Kuna kipimo chepesi cha uzi wa nailoni unaobonyezwa sehemu mbalimbali za wayo, ili ijulikane wapi anahisi na wapi hahisi. Sisi fiziotherapia nasi tuna chetu: vichupa viwili, kimoja cha maji moto na kimoja cha maji baridi, mgonjwa anafumba macho na kusema kipi ni kipi. Akikosea, hapati joto mahali hapo, hata akilia.

Umeuliza mgongo, mgongo wa nani? Wako, wenye ngozi inayohisi, na mto wa volti zetu unaojizima wenyewe, sawa. Dakika 15 hadi 20, ukiwa macho, na mto uwe juu yako, usiulalie. Damu ndiyo inayobeba joto na kuliondoa kwenye ngozi, na uzito wa mwili huizuia kupita. Mgongo wa mamako, hapana, mpaka apimwe. Mimi kwa jumla napenda vitu vinavyopoa vyenyewe. Kitambaa cha maji moto hupungua ukali kila dakika, hata ukisinzia. Mto wa umeme hauchoki.

Bi Viungo, salaam aleikum. Nilikuwa kuli bandarini Kilindini, sasa bega na mgongo vyanidai. Nilipelekwa fiziotherapia, nikawekewa furushi lililotolewa kwenye tangi la maji moto, limefungwa mataulo, nikalala nalo, kisha nikalipishwa. Mke wangu asema huko ni kukanda kule kule kwa nyumbani. Nimeibiwa?
*Kuli mstaafu, Changamwe*

Waaleikum salaam kakangu. Mkeo ana haki, kiasi.

Tangi lile la chuma cha pua ulilolipita mlangoni kama sufuria ya mihogo lina kazi moja tu: kuweka maji kwenye nyuzi kama 71 hadi 74, mchana kutwa, bila kupanda wala kushuka. Ndani huning'inia mifuko ya turubai iliyojaa udongo unaoitwa bentonaiti, ambao hunywa maji, huvimba na kushika joto. Mfuko wa joto hilo ukigusa ngozi tupu utaibabua, ndiyo maana hufungwa taulo mikunjo sita hadi minane. Taulo ndilo linaloamua kiasi gani kikufikie, na ngozi yako hupanda polepole mpaka nyuzi 40 na kitu kwa dakika nane au kumi hivi, halafu mfuko wenyewe unaanza kupoa. Nimeusifu ubora huo hapo juu. Aliyekuhudumia alipaswa kufunua na kutazama ngozi baada ya dakika tano, na kukupa kengele mkononi. Kama hakufanya hivyo, mwambie safari ijayo.

Joto la mfuko huo haliendi ndani zaidi ya sentimita moja au mbili. Hufika kwenye misuli ya juu juu, hulegeza, hupunguza maumivu kwa muda. Kitambaa cha mkeo hufanya hivyohivyo, ila hupoa upesi na hakuna ajuaye kilianza na nyuzi ngapi. Kwa hivyo ulicholipia ni kipimo. Basi wakishakupasha, walikunyoosha bega? Walikufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani? Joto ni la kuutayarisha mwili ukubali kusogezwa. Kama walikupasha kisha wakakuambia "haya baba, tuonane Alhamisi", hapo ndipo ulipoibiwa.

Na wakitaka kukuhamishia kwenye dayathemi, ile mashine yenye sahani mbili zinazowekwa pande mbili za kiungo, sema mapema kama una chuma mwilini, hata kile ulichotiwa ulipovunjika zamani, au kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Mashine hiyo hutumia mawimbi ya megahezi 27.12 kupasha nyama ya ndani, nayo chuma huyavuta mawimbi hayo. Unaweza kuungua ndani na ngozi ikaonekana safi. Mwenye kifaa cha moyo hata chumba chenyewe asiingie ikiwa imewashwa.

Shikamoo Bi. Sisi ni timu ya mtaa. Mtu akiteguka kifundo twamwekea barafu. Kocha wetu wa zamani alisema dakika thelathini mpaka mguu ufe ganzi kabisa. Mpya asema barafu imepitwa na wakati. Mfadhili naye ametununulia mifuko ya jeli ya kuweka friza. Tumfuate nani?
*Nahodha, Kisauni*

Marahaba. Yule wa zamani amezidisha dakika, huyu mpya amezidisha maneno.

Kanuni ya kupumzisha, barafu, bendeji na kuinua mguu ilienezwa na daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona, kwa sababu uvimbe ni sehemu ya mwili kujitengeneza. Hapo ndipo kocha wenu mpya alipopata habari. Lakini kupunguza maumivu, barafu bado hupunguza, na mtu aliyepungukiwa maumivu huanza kusogeza mguu mapema. Kwa hivyo mimi naiacha kwa siku ya kwanza na ya pili, dakika 10 hadi 15, kisha iondoke, irudi baada ya saa mbili hivi ikihitajika. Ngozi itasikia baridi, kisha kuwaka, kisha kuuma, kisha ganzi. Ganzi ikifika, ondoa, hata kama dakika hazijaisha.

Hiyo mifuko ya jeli ndiyo inayonitia wasiwasi. Barafu inayoyeyuka, ukiiweka namna yoyote, haishuki chini ya sifuri. Ikiwa mvua kwenye kitambaa, hapo ndipo inapobaki mpaka iishe. Jeli iliyotoka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hutoka nazo hizo 18, na kwa kuwa haigandi, ni laini, hailalamiki, mtu huona ni nyororo akaifunga kwa bendeji juu ya ngozi tupu. Hivyo ndivyo watu wanavyopata majeraha ya baridi kali kwenye mji ambao haujapata kuona theluji. Itoe mapema, izungushie taulo iliyoloweshwa, na usiifunge kwa kukaza. Msipokuwa nayo, chupa ya maji iliyogandishwa na kanga mbichi yatosha. Karatasi za plastiki hatunazo tangu 2017, na hatuzihitaji.

Goti nalo: msiweke baridi upande wa nje chini kidogo ya goti. Pale pana neva inayopita juu ya mfupa bila nyama ya kuifunika, na ikipozwa sana mchezaji huamka hawezi kuinua kidole gumba cha mguu. Na msimwekee mtu barafu ili arudi uwanjani kipindi cha pili. Mtakuwa mmenyamazisha kengele.

Asiyeweza kupiga hatua nne, au anayepiga kelele ukibonyeza ncha ya mfupa wa kifundo, apigwe eksirei. Huyo habari za jeli zimwache.

Mwanangu Bi Viungo, hujambo. Mkwe wangu amejifungua kwa kisu kabla ya miezi kutimia, mtoto hajafika kilo mbili. Wamemweka nasari chini ya mashine ya joto. Kaskazi hii sote twatiririka jasho, mtoto anapashwa moto kwa nini? Na mkwe akitoka nitamkanda kwa maji moto kama tulivyokandwa sisi?
*Nyanya, Majengo*

Shikamoo mama, na hongera ya mjukuu.

Sisi hutokwa jasho kwa sababu mwili wetu ni mkubwa na unatengeneza joto kupita haja. Mtoto huyo hana mafuta chini ya ngozi, ngozi yenyewe nyembamba, na kwa ukubwa wake ana ngozi nyingi ya kupotezea joto. Mwili wake unatakiwa kubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Hewa ya Mombasa ya nyuzi 32, ambayo kwako ni tanuri, kwake ni baridi, iko kama nyuzi tano chini ya joto la mwili wake, na mtoto akipoa huchoma sukari yake kidogo aliyo nayo, kupumua kukaanza kumlemea. Kidude kilichobandikwa tumboni pake hupima ngozi na kuiambia mashine iongeze au ipunguze. Mkionapo kimebanduka, mwiteni nesi mara moja. Kikining'inia hewani, mashine itadhani mtoto anapoa na itazidi kumpasha.

Lakini muulizeni nesi lini mkweo anaweza kumweka kifuani, ngozi kwa ngozi, kanga imewafunga wote wawili. Njia hii ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, inkubeta zilipokuwa hazitoshi, na ilichukuliwa kuwa ya maskini. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanywa nchi tano, jirani zetu Tanzania wakiwemo: watoto wadogo walioanzishiwa kifuani mapema, bila kungoja watulie kwanza kwenye mashine, vifo vyao vilipungua kwa robo. Shirika la Afya Duniani sasa linataka saa 8 hadi 24 kwa siku. Kifua cha mama kina thamostati, yaani kidhibiti joto, isiyotegemea stima. Mkwe akichoka, wewe nyanya unaruhusiwa, na baba pia. Mwambieni avue shati.

Kumkanda: mgongo, miguu na mabega, mkande, naye atakushukuru. Tumbo liache. Kisu hukata neva ndogo za ngozi, na eneo linalozunguka mshono hubaki na ganzi kwa miezi. Maji yatakayombabua hatayasikia, atakuambia "ongeza mama". Mshono ukiwa mwekundu, unatoa maji au unanuka, arudi hospitali.

Bi Viungo, nataka kununua chupa ya mpira ya maji moto kwa maumivu ya mwezi. Nitajuaje ni nzuri?
*Mwanafunzi, Tudor*

Tafuta ua. Chupa zinazofuata kiwango cha Uingereza cha BS 1970 huwa na ua dogo limechapwa kwenye mpira: tarakimu iliyo katikati ni mwaka wa kutengenezwa, petali kumi na mbili ni miezi. Ikishapita miaka miwili ya kutumika, au ukiona nyufa shingoni, itupe. Usitie maji yanayochemka. Yaache birikani yatulie kwanza, jaza theluthi mbili, bana hewa yote itoke kabla ya kufunga, na uvishe foronya. Weka tumboni, usiikalie, na itoe kabla hujalala. Isiyo na ua, muulize muuzaji imekaa dukani tangu lini. Kama hajui, nenda duka la dawa.