Je, printa ya 3D inaweza kumtengenezea mwanangu dawa?

SWALI: Habari mfamasia. Mwanangu ana miezi saba, kilo sita, na ana tatizo la moyo. Ameandikiwa kaptoprili miligramu 3 mara tatu kwa siku, lakini hapa Mpwapwa napata vidonge vya miligramu 25 tu. Mama yake hukata kidonge kwa wembe vipande vinane. Mpwa wangu yuko Dodoma mjini, ana printa ya 3D ya kuchapisha vishikio vya funguo na zawadi za harusi. Anasema huko nje wanachapisha dawa kwa kipimo cha kila mgonjwa. Tukimpelekea unga wa dawa, ataweza? Na mama yangu anayemeza vidonge vya presha na sukari, vyake haviwezi kuunganishwa kuwa kimoja? (Baba wa mtoto, Mpwapwa)

JIBU: Pole kwa kuuguza, baba. Mpwa wako hajadanganya, dawa zinachapishwa kweli. Lakini unga huo msimpelekee.

Printa ya namna yake huyeyusha uzi wa plastiki kwa joto la nyuzi 200 hivi. Kaptoprili huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 106 au zaidi kidogo, kwa hiyo kwenye joto la mashine ile itaharibika kabla haijawa kidonge. Tena ule mdomo wa mashine umeshapitisha plastiki na rangi za kila aina, na mtoto wa kilo sita si wa kulishwa mabaki hayo.

Wanaochapisha dawa hutumia njia nyingine. Mojawapo ni kutandaza unga tabaka jembamba, kuudondoshea kimiminika cha kuugandisha, kisha tabaka jingine juu yake. Ndivyo inavyotengenezwa Spritam, dawa ya kifafa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ya kwanza ya aina yake. Kidonge chake kina vitundu vingi, hivyo hata cha miligramu 1000 husambaratika kwa funda moja la maji. Ila wanaoisifia husahau kitu kimoja: Spritam hutoka kiwandani kwa vipimo vilevile kwa watu wote. Imechapishwa, lakini haikupimwa kwa ajili ya mgonjwa fulani.

Njia iliyo karibu na haja yako ni ya kukamua dawa iliyofanywa rojo, bila joto kali, kama dawa ya meno inavyotoka kwenye tyubu. Hospitali moja ya Santiago de Compostela, Hispania, iliitumia kwa watoto wenye ugonjwa wa kurithi unaowalazimu kupewa isoleusini, mojawapo ya vijenzi vya protini, kwa kipimo cha kila mmoja. Walichapishiwa dawa za kutafuna, zenye rangi na ladha tofauti, na matokeo yakatolewa 2019: kiwango kwenye damu kilikaa vizuri. Hiyo ndiyo habari inayonipa matumaini kuliko zote.

Sasa kwa nini haijafika kwetu? Wengi hudhani kikwazo ni bei ya mashine. Kwangu mimi kikwazo kikubwa ni kujua kilichomo ndani ya kidonge. Kiwandani, kutoka fungu la maelfu, huchukuliwa vidonge 10 na kila kimoja kikapimwa kina dawa kiasi gani. Kupima huko kunakiharibu kidonge. Mtoto wako anahitaji vidonge 21 kwa wiki, na kwa kuwa anakua, kipimo hubadilika, huwezi kumchapishia vya miezi sita. Ukiharibu 10 kwa kupima, amebaki na 11. Ndiyo maana watafiti wanaweka mizani ndani ya printa yenyewe, na wengine wanamulika kidonge kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ili kusoma dawa iliyomo bila kukivunja. Uingereza ilianza kutumia kanuni za dawa zinazotengenezwa palepale mgonjwa alipo mwaka 2025 tu. Kwetu TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ndiyo yenye kauli, na kijana mwenye printa mtaani hana pa kuanzia, hata akiwa na nia njema kiasi gani. (Hewa kavu ya Dodoma ingewafaa wachapaji, maana unga wa dawa hauupendi unyevu. Vumbi letu sasa, hilo ni shauri jingine.)

Tuje kwenye wembe, maana mtoto anakunywa dawa leo. Tazameni karatasi baada ya kukata: kuna kipande kinono, kuna chembamba, na unga uliobaki pembeni. Ule unga ni dawa. Inawezekana asubuhi anapata miligramu 2 na jioni 4.

Kaptoprili huyeyuka majini vizuri. Kidonge cha miligramu 25 kikivurugwa katika mililita 25 za maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kila mililita ina miligramu 1, hivyo dozi yake ni mililita 3, kwa sirinji isiyo na sindano. Maji nayo yapimeni kwa sirinji, si kwa kijiko. Tikiseni kabla ya kuvuta. Machicha meupe yanayobaki chini si tatizo, na harufu ya kiberiti ni yake. Kinachobaki kimwagwe, kwani dawa hii haikai ikiwa majini, na dozi inayofuata ichanganywe upya. Kabla ya kuanza, mfamasia wa hospitali mnakotibiwa awaandikie hizo mililita kwenye cheti. Mkipewa siku nyingine vidonge vya 12.5 au 50, hesabu hii haifai tena.

Kuhusu mama yako, bibi wa mtoto: mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichapisha kidonge kimoja chenye kaptoprili na nifedipini za presha, pamoja na glipizidi ya sukari, kila moja ikitoka kwa mwendo wake. Hicho kilikuwa cha maabara, hakiuzwi. Msijaribu kumsagia vidonge vyake pamoja. Kama anatumia nifedipini ya kutoka polepole, ikisagwa dawa yote huingia mwilini kwa mkupuo na presha inaweza kushuka ghafla akaanguka. Mpelekeni kliniki na mfuko mzima wa dawa zake. Mara nyingi daktari huweza kupunguza idadi au kumpa vya mchanganyiko vilivyokwisha kusajiliwa.