Mwanangu, kabla hujakubali kuongoza mabadiliko

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma. Mkurugenzi wako anataka uongoze kazi ya kuhamisha manunuzi na stoo kutoka kwenye leja za karatasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta. Unaogopa kwamba mambo yakiharibika utatolewa kafara, na yakifanikiwa utabaki na maadui. Hofu zote mbili zina msingi, ila kompyuta si tatizo kubwa. Tatizo ni vitu ambavyo watu watapoteza, na jinsi jina lako litakavyofungamana na hasara hizo.

Chukua karatasi uandike kila anayeguswa, na mbele ya jina lake anachopoteza. Mtunza stoo anapoteza nafasi ya kuwa mtu pekee anayejua kila kifaa kiko rafu gani. Ofisa manunuzi anapoteza uhuru wa kuchagua muuzaji kwa simu moja. Mkuu wa idara anapoteza ile foleni ya wanaosubiri saini yake. Hasara ya mtunza stoo inazungumzika: mkabidhi kazi ya kupanga namba za bidhaa, maana bila yeye utakosea, na heshima yake itabaki. Za kuogopwa ni zile zisizotamkika kikaoni. Anayekosa asilimia kumi yake ya chini ya meza hatalalamikia asilimia kumi; atasema una kiburi, humsikilizi mtu. Ukiona pingamizi limeiacha kazi na kuhamia kwenye tabia yako, jua umegusa hapo. Usianze kujitetea tabia. Uliza: ni bidhaa ipi, hati ipi, tarehe ipi?

Kuwa na haki hakutoshi. Daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza wenzake wa wodi ya uzazi mjini Vienna mwaka 1847 wanawe mikono kwa maji yenye klorini, na vifo vya akina mama vikashuka kutoka asilimia 18 hivi mwezi Aprili hadi kama asilimia 2 mwezi Juni. Hata hivyo mkataba wake haukuongezwa mwaka 1849. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861, kisha akawaandikia wapinzani barua za wazi akiwaita wauaji. Kukubaliana naye kulimtaka daktari akiri kwamba mikono yake mwenyewe iliua, na yeye hakuwaachia mlango wa kutokea. Kwa hiyo usimwambie mtu stoo ilikuwa inavuja. Sema kazi imekua kuliko leja; hilo nalo ni kweli, na mtu anaweza kulikubali bila kujishtaki.

Sasa mkurugenzi mwenyewe. Mpime kwa maombi matatu kabla ya kukubali. Atangaze mabadiliko kwa mdomo wake mbele ya wakuu wa idara, wewe ukiwa umekaa. Akupunguzie kazi zako za sasa kwa kiasi kinachotajwa, siku mbili kwa wiki kwa uchache. Na akueleze atafanya nini mkuu wa manunuzi akikataa. Akikwepa yote matatu, kataa kwa adabu: huyo anatafuta wa kubebeshwa zigo.

Akikubali, omba barua ya uteuzi. Iseme unaweza kuamua nini peke yako, nini lazima kipitie kamati, bajeti iko kwa nani, kazi inaisha lini, na utarudi kwenye cheo gani ikiisha. Hicho cha mwisho wengi hukisahau, wakajikuta mradi umekwisha na kiti chao kina mtu. Uamuzi wenyewe uwe umeandikwa kwenye muhtasari wa kikao cha menejimenti, maana mkurugenzi anaweza kuhamishwa katikati ya safari, na mrithi wake hafungwi na maneno mliyosemezana koridoni.

Hapa kwenye hesabu ya mali nakuomba uwe mkaidi. Usiwashe mfumo kabla ya kuhesabu stoo nzima. Simamisha utoaji wa vifaa kwa siku mbili au tatu. Watu wawili wahesabu, wengine wawili warudie bila kuona namba za kwanza, na pale wanapotofautiana ahesabu mtu mwingine asiye kati yao. Mtunza stoo, mhasibu na mkaguzi wa ndani wasaini kila ukurasa, kila mmoja abaki na nakala. Usipofanya hivyo, upungufu wa miaka yote utaonekana siku ya kwanza ya mfumo mpya, na utaitwa upungufu wako. Nenosiri kuu usilishike peke yako, anayeingiza ankara asiwe anayeiidhinisha, na wewe usiwe na mamlaka ya kununua hata bolti. Muuzaji wa mfumo akikuletea zawadi, irudishe na uandikishe kwamba umeirudisha.

Anza na stoo moja ndogo. Leja na kompyuta ziende sambamba hadi mfunge hesabu za miezi miwili mfululizo zikilingana, kisha leja ifungwe rasmi, la sivyo watu watairudia kimyakimya. Andika mapema ni hali gani itawafanya msimame au mrudi nyuma, na useme wazi kwamba wiki za mwanzo kazi itakuwa ya polepole kuliko zamani. Likisemwa kabla, ni mpango. Likisemwa baadaye litaonekana kisingizio.

Weka daftari lako: tarehe, waliokuwepo, kilichoamuliwa. Mkikubaliana jambo kwa mdomo, siku hiyohiyo tuma baruapepe fupi ya kuthibitisha. Ila nyaraka za ofisi usijitumie kwenye anwani yako binafsi. Hilo pekee linaweza kuwapa sababu ya kukufukuza.

Nyumbani, jiwekee akiba ya matumizi ya lazima ya miezi sita, na usichukue mkopo mpya hadi kazi hii iishe. Mwenye rejesho kubwa kila mwisho wa mwezi hawezi kusema hapana. Mwenzi wako ajue sasa, si siku utakaporudi umenuna. Tafuta pia msiri aliye nje kabisa ya ofisi. Wanaokuunga mkono ndani ni washirika, wana ajira zao na wakubwa wao. Ukiwamwagia moyo unawaweka pabaya, na siku wakibanwa watasema. Usingizi ukikatika wiki mbili mfululizo, nenda kwa daktari na upunguze kasi ya ratiba. Ratiba inarekebishika.

Usitoe jibu wiki hii. Andika rasimu ya barua ya uteuzi, ukurasa mmoja tu, pamoja na ile orodha ya nani anapoteza nini. Rasimu nitumie niipitie. Orodha usimtumie mtu yeyote, hata mimi. Isome, kisha uichane.

Mama yako