Nimelipa kodi ya miezi sita, sasa mwenye nyumba anataka nyongeza

SWALI: Shikamoo wakili. Nasoma chuo hapa Mwanza, nimepanga chumba Malimbe. Nililipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, sh. 50,000 kwa mwezi, nikamtumia baba mwenye nyumba kwa simu. Hatukuandikishana. Mwezi wa pili haujaisha anasema kodi sasa ni 70,000, nijazie au nihame ndani ya wiki. Jana nimekuta kaweka kufuli lake juu ya langu. Dalali anasema bila mkataba sina haki yoyote. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inatambua upangaji wa mwaka mmoja au chini yake hata kama mmekubaliana kwa mdomo. Mkataba unao, kazi iliyobaki ni kuuthibitisha, na hapo ujumbe wa muamala ndio mkombozi wako. Unaonyesha jina, tarehe na sh. 300,000. Akidai mlipatana 70,000 tangu mwanzo, mwulize laki tatu ni kodi ya miezi mingapi.

Ndani ya miezi uliyolipia hawezi kupandisha kodi peke yake, na anawajibika kukuacha ukae bila bughudha. Hudaiwi, kwa hiyo hana sababu ya kukufungia.

Ila kufuli usilivunje. Kesho utaambiwa umeharibu mali, au kuna kitu cha watu kimepotea. Lipige picha, mwite mwenyekiti wa mtaa na jirani mmoja washuhudie, umwombe mwenyekiti amwite mwenye nyumba. Kesi nyingi za namna hii huishia kwenye ofisi ya mtaa, maana wazee hawapendi kuitwa mbele za watu. Asipolegea, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita bila suluhu, unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Polisi wanaweza kukujibu kuwa hiyo ni kesi ya madai, usishangae.

Sasa lile ambalo wapangaji hawapendi kulisikia: miezi sita ikiisha, anaweza kutaka 70,000, hata zaidi. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo anza kuzungumza naye mapema, na safari hii muandikishane. Karatasi moja inatosha: majina, kiasi, miezi, taarifa ya kuhama ni ya muda gani, saini na shahidi. Andikeni pia LUKU na bili ya maji mnagawanaje, hasa kama mita ni moja na kuna jirani mwenye friji.